Mali bila Daftari: Shajara, Picha na Magari kama Hifadhi ya Historia ya Kila Siku

Historia ya Afrika ya Mashariki, kama ifundishwavyo katika shule zetu na hata katika vyuo vikuu, aghalabu ni historia ya wakubwa: masultani, wamishenari, magavana na viongozi wa vyama. Mtu wa kawaida huingia humo kwa hesabu tu. Twaambiwa, kwa mfano, kwamba reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya 1896 na 1901, na kwamba vibarua 31,983 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa ajili ya kazi hiyo, na 2,493 miongoni mwao wakafia huku. Takwimu hizi ni za maana, wala hapana haja ya kuzidharau. Lakini hazituambii vibarua hao walielewanaje na wenyeji waliofanya kazi pamoja nao, walinunua nini siku ya mshahara, wala ni maneno gani waliyoyapokea na ni yepi waliyoyaacha nyuma yao.

Katika makala haya nakusudia kujadili aina tatu za ushahidi ambazo zaweza kuziba sehemu ya pengo hilo: madaftari ya kumbukumbu za kila siku, ambayo siku hizi tumezoea kuyaita shajara, picha za zamani, na vyombo vya kusafiria. Hoja zangu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba vitu hivi, ambavyo hudhaniwa kuwa takataka za kabatini na uani, ni nyaraka za historia kwa maana kamili ya neno hilo. Ya pili ni kwamba mwanafunzi wa lugha ana wajibu katika hifadhi yake usiopungua ule wa mwanahistoria, kwani ndani ya vitu hivi mna Kiswahili ambacho hakimo katika tenzi wala katika kamusi.

I. Madaftari

Husemwa mara kwa mara kwamba Mwafrika hakuwa na desturi ya kuandika habari za siku zake, na kwamba historia yake yote imo katika masimulizi ya mdomo. Usemi huu hauna msingi wa kutosha. Mwaka wa 1873, David Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mmoja wa watu wa msafara wake alikuwa Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, Bara Hindi. Wainwright ndiye aliyechonga maandishi juu ya mti ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake, na ndiye aliyeandika katika daftari lake, kwa Kiingereza, habari za safari ndefu ya kuuchukua mwili hadi pwani. Tafsiri ya Kijerumani ya daftari hilo ilichapishwa mwaka wa 1874, mwaka uleule ambao Wainwright alihudhuria maziko katika Westminster Abbey. Lakini kwa muda mrefu wasomi waliosimulia kisa hicho walimtegemea zaidi bwana kuliko mwandishi aliyembeba.

Kwa Kiswahili chenyewe tunazo habari za safari zilizokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka wa 1901 kwa jina la *Safari za Wasuaheli*. Humo tunamkuta Salim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka wa 1896, akieleza nchi za Ulaya kwa macho ya mtu wa pwani. Yafaa tukumbuke kwamba habari hizo ziliandikwa kwa kuombwa na Velten, na kwa hiyo mwandishi alijua ni nani atakayezisoma. Jambo hilo haliziondolei thamani. Linatutaka tu tuzisome kwa hadhari. Mtu anayemwandikia mgeni hueleza mambo ambayo asingemweleza jirani yake, na huacha mengine ambayo jirani angetaka kuyajua.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Gakaara wa Wanjaũ, mwandishi na mchapishaji wa Kigikuyu, aliyekamatwa mwezi wa Oktoba 1952 hali ya hatari ilipotangazwa. Kumbukumbu alizoziandika kizuizini, zikiwemo za Kisiwa cha Manda karibu na Lamu, zilichapishwa kwa Kigikuyu mwaka wa 1983, na mwaka uliofuata zikapata Tuzo ya Noma. Hapa tunajifunza jambo la kimsingi. Serikali ya kikoloni iliandika sana juu ya kambi za vizuizi, na nyaraka zake nyingi zimehifadhiwa. Lakini afisa aliandika juu ya wafungwa. Mfungwa aliandika juu ya siku. Njaa, barua iliyochelewa, wimbo ulioimbwa jioni, haya hayawi habari mpaka ayaandike mtu aliyeyapitia.

Hao watatu majina yao yamehifadhika. Nyuma yao wako wengi ambao madaftari yao hayakufika kwa mchapishaji yeyote: mwenye duka aliyeandika madeni ya majirani, karani wa kanisa, mwalimu wa madrasa, mzee aliyeweka hesabu ya mahari, dereva aliyeandika mizigo yake. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumelifuata neno hilo katika biashara zetu na kulisahau katika historia yetu.

II. Picha

Picha nayo ni waraka, ingawa wengi wetu huitazama kana kwamba ni dirisha tu. Pwani yetu ilipata studio za picha mapema. Katika Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka wa 1930. Katika Mombasa, studio ya N. V. Parekh ilipiga picha za watu wa kila kabila na dini kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1940. Katika Lamu, Omar Said Bakor alifanya kazi tangu miaka ya 1960 hadi alipofariki mwaka wa 1993, akawa mashuhuri kwa ufundi wake wa kukata na kuunganisha picha, hata sura ya mtu ikaonekana ndani ya kitu kingine kabisa. Na katika miaka ya 1990 wapiga picha wa kivuko cha Likoni, ambao wengi wao walikuwa wametoka bara, waliweka mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba, na msafiri aliyekuwa akingoja feri akaweza kusimama mbele ya safari ambayo hakuwa na nauli yake.

Msomi mwenye haraka atasema kwamba picha kama hizi hudanganya: saa imeazimwa, koti ni la studio, ndege imechorwa. Ni kweli. Lakini uwongo huo wenyewe ni ushahidi. Hatuulizi tu mtu huyu alikuwa na nini. Twauliza alitamani kuonekana akiwa na nini, na mbele ya nani. Vilevile picha za Likoni haziwezi kutenganishwa na machafuko ya Agosti 1997, yaliyowafanya watu wengi wa bara wakimbie sehemu hiyo. Aliye na picha ya miaka ile iliyopigwa mbele ya pazia la kivukoni anayo pia kumbukumbu ya ujirani uliovunjika, hata kama aliyemo ndani yake anacheka.

Kwa mwanafunzi wa lugha, picha ina maandishi katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ndani yake: ubao wa duka, tangazo ukutani, ubavu wa gari, na zaidi ya yote kanga. Kanga za Mombasa zenye chapa ya Mali ya Abdulla zinatokana na duka lililoanzishwa mwaka wa 1887, na jina la kanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, liliandikwa kwanza kwa hati ya Kiarabu kabla ya hati ya Kirumi kuenea. Kwa hiyo picha ya wanawake arusini, ikiwa jina la kanga lasomeka, yaweza kutupa kwa pamoja hati, tahajia, mafumbo na mwaka wa kukadiria, jambo ambalo miswada mingi ya kale haitupi.

Sehemu ya pili ni nyuma yake. Nyuma ya picha za zamani mna mhuri wa studio, nambari ya filamu, tarehe, na mara nyingi maneno machache ya mkono: jina la anayepelekewa, neno la ukumbusho, salamu. Maneno hayo ni mafupi, lakini yameandikwa na watu ambao hawakuandika kitu kingine chochote kilichosalia. Ajabu ni kwamba picha hizi zinapochapishwa vitabuni, uso wake hutolewa na mgongo wake huachwa.

III. Magari

Shahidi wa tatu ni chombo cha kusafiria. Katika Jumba la Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, lililofunguliwa mwaka wa 1971, limehifadhiwa behewa ambalo ndani yake afisa wa polisi Charles Ryall aliuawa na simba huko Kima mwezi wa Juni 1900. Kila mgeni huonyeshwa behewa hilo. Vibarua walioliwa na simba huko Tsavo miaka miwili kabla yake hawana behewa la kuonyeshwa, na majina ya wengi wao hayatajwi. Yaani hata chuma, ambacho twadhani hakipendelei mtu, huhifadhiwa kwa kupendelea.

Katika uwanja uo huo zimo injini mbili kubwa za mvuke za aina ya 59, ambazo 34 kati yake ziliingia kazini mwaka wa 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki. Hizi mbili huitwa Mount Gelai na Mount Shengena. Milima hiyo yote miwili iko Tanzania. Shirika la reli la nchi tatu lilivunjika mwaka wa 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo, lakini vibao vya majina vikabaki Nairobi. Mtoto wa shule anayesoma kibao kile, kama ana mwalimu mzuri, anaweza kuanzia hapo kuuliza ilikuwaje injini ya Kenya ikaitwa kwa mlima wa Upare. Swali hilo lingemfikisha mbali kuliko aya nyingi za kitabu chake.

Chombo kingine kimetoweka kabisa. Mwanzoni mwa karne ya 20, watu wenye nafasi katika Mombasa walisafiri kwa vitoroli vyenye kiti na paa, vilivyopita juu ya reli nyembamba na kusukumwa kwa mikono. Motokaa zilipoenea katika miaka ya 1920, reli hizo ziking'olewa na kazi ya kusukuma ikaisha. Tunavijua vitoroli hivi kwa sababu vilipigwa picha na kuuzwa kama kadi za posta. Abiria ameketi mbele kwa utulivu. Wasukumaji wako nyuma. Jina la wasukumaji halikuandikwa popote. Picha ilitunza chombo, chombo kikaitunza kazi, lakini hapakuwa na daftari la kumtunza mtu.

Tukija kwenye lugha, gari limekuwa mwalimu mkubwa. Tazama maneno tunayoyatumia barabarani: usukani, nauli, abiria, shehena. Yote manne yalikuwa ya baharini kabla ya motokaa ya kwanza kushushwa bandarini. Usukani ulikuwa wa jahazi, nauli ikalipwa kwa nahodha, na abiria alivuka maji. Gari lilipofika, Kiswahili hakikukaa kungoja kamati. Kilihamisha maneno yake kutoka chomboni hadi garini. Kandokando ya maneno hayo yakaja mengine ya karakana, kama vile breki, gia, jeki na spana. Basi ndani ya lori moja mnasikika tabaka mbili za historia, ya pepo za msimu na ya karakana, na dereva huzitamka zote mbili katika sentensi moja.

Neno matatu ni ushahidi wa namna nyingine. Inajulikana kwamba jina hili latokana na nauli ya senti thelathini, yaani mapeni matatu, iliyotozwa katika magari yaliyobeba watu mjini Nairobi bila leseni katika miaka iliyozunguka uhuru wa 1963. Peni ilikuwa sarafu ya senti kumi. Mwaka wa 1973 Rais Kenyatta aliyaruhusu magari hayo kuchukua abiria bila leseni ya usafirishaji, na tangu hapo yakaenea nchi nzima. Nauli ile imekwisha na sarafu ile haitumiki, lakini bei na sarafu vyote vimo katika neno ambalo Mkenya hulitamka kila siku bila kuvikumbuka.

Kisarufi jambo hili ni la kupendeza zaidi. Katika mapeni matatu, kiambishi ma- ni cha upatanisho. Ni alama ya wingi inayofuata nomino. Nomino ilipodondoka, sifa ikawa nomino, na ma- ikaganda katika shina. Leo aghalabu twasema matatu imejaa na matatu zimejaa, kana kwamba kiambishi hakipo. Kadhalika neno gari, ambalo katika Kiswahili sanifu lapatanishwa na li- na ya-, katika usemi wa watu wengi wa bara hupatanishwa na i- na zi-. Je, mabadiliko haya yalianza lini? Yalianzia kwa nani, kwa madereva, kwa makarani au sokoni? Kamusi haziwezi kutujibu, kwa sababu kazi yake ni kuweka kanuni. Tenzi haziwezi, kwa sababu si lugha yake. Jibu, kama lipo, limo katika madaftari ya watu walioyaendesha magari hayo, na katika maandishi yaliyopakwa rangi ubavuni mwake. Maandishi hayo nayo hayadumu. Masharti ya mwaka wa 2004, yaliyoilazimisha matatu kuwa na mstari wa manjano, yaliyapunguza sana mapambo na misemo yake. Ruhusa ya kupamba ilipotolewa tena mwaka wa 2014, yakaja maandishi mapya, wala si yaleyale.

IV. Kosa la msahihishaji

Hapa sina budi kueleza kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alichagua kuandika insha juu ya daftari la marehemu babu yake, aliyekuwa dereva wa lori kati ya Mombasa na bara. Hakunionyesha daftari lenyewe. Alinakili kurasa kadhaa akaniletea. Mlikuwa na tarehe, mizigo, bei ya mafuta, na habari fupifupi: gari imelala Voi, gari imekufa njiani, tairi zimekwisha. Nilizisoma kwa kalamu nyekundu. Niliandika pembeni kwamba upatanisho una makosa, nikamwagiza ayasahihishe kabla ya kuniletea insha iliyo safi. Kijana alikuwa mtiifu. Akaandika gari limelala Voi, gari limekufa njiani, matairi yamekwisha, nami nikampa alama nzuri.

Muda si mrefu baadaye nilianza kuchunguza upatanisho wa neno gari, nikalikumbuka daftari lile. Nilipomwomba aniletee, aliniambia kwamba paa la nyumba ya wazee lilivuja wakati wa masika, na sanduku lililokuwa na karatasi zile likaoza. Nakala ya kwanza hakuiweka, kwani mwalimu alikuwa amemwambia ina makosa. Kilichosalia ni insha yake safi. Ukiisoma leo utaamini kwamba dereva yule alizungumza kama kitabu cha sarufi, na mtu atakayeitumia kama ushahidi atapotea, na mimi ndiye niliyempoteza.

Sisemi kwamba Kiswahili sanifu kiachwe. Kazi ya kusanifisha iliyoanzishwa na Kamati ya Lugha mwaka wa 1930 imetupatia lugha ya shule na ya vitabu, nami nala kwa kazi hiyo. Lakini kufundisha ni jambo moja na kuhifadhi ni jambo lingine. Mwalimu husahihisha mtihani. Hana ruhusa ya kumsahihisha marehemu.

Wala sisemi kwamba mashahidi hawa watatu waaminiwe kwa kila wanachosema. Mwenye daftari huficha aibu yake, picha huazima koti, na gari la zamani hupakwa rangi mpya na fundi asiyejua rangi ya kwanza. Ndiyo maana wafaa wahojiwe pamoja. Daftari lataja safari bila kueleza gari. Picha yaonyesha gari bila kutaja safari. Gari lenyewe, au kipande chake kilichobaki, lapima maneno ya wote wawili. Wanapokubaliana tuna msingi wa kujengea. Wanapopingana tuna swali zuri la kuuliza.

V. Mapendekezo

Kenya ina sheria ya makavazi ya taifa tangu mwaka wa 1965, na ni jambo la kushukuru. Hata hivyo sheria hiyo ilikusudiwa hasa nyaraka za serikali, na makavazi hayawezi kuingia katika kila nyumba. Idara zetu zaweza, kwa sababu wanafunzi wetu wametoka katika nyumba hizo.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza apewe kazi ya kunakili waraka mmoja wa nyumbani kwao, kwa idhini ya wenyewe, na kuuacha wenyewe mahali pake. Pili, nakala ifuate tahajia, upatanisho na hata makosa ya mwandishi, na masahihisho, kama yana haja, yawekwe kando. Tatu, picha inakiliwe pande zote mbili, na majina ya waliomo yaulizwe sasa, maadamu wazee wanaoweza kuyataja wangali hai. Nne, maandishi ya magari yapigwe picha pamoja na tarehe na mahali, kabla ya rangi nyingine kupakwa juu yake.

Kazi hii ina uharaka kuliko inavyodhaniwa. Zamani adui wa kumbukumbu alikuwa mchwa na mvua. Leo twapiga picha nyingi kwa simu kuliko wakati wowote uliopita, lakini picha ya simu haina mgongo wa kuandikiwa jina, na simu ikipotea hapabaki hata sanduku la kuoza. Dereva yule, pamoja na kwamba hakusoma sana, aliiandika tarehe ya kila siku. Sisi tuliosoma, hata nje ya nchi, ndio tuliokosa kuitunza.